Kura ya Lamu ina uzito gani katika kumpata rais wa Kenya?

Swali: Mimi ni mama wa Lamu, nimepiga kura 2013, 2017 na 2022. Kila uchaguzi ukikaribia maneno barazani huwa yale yale: rais hupangwa na vigogo Nairobi, sisi wa kaunti ndogo ni wasindikizaji tu. Naomba nielezwe bila ushabiki wa mrengo wowote. Mtu wa kawaida kama mimi ana nguvu kiasi gani katika kumchagua rais, nguvu hiyo iko wapi hasa, na nifanye nini isipotee?

Jibu: Dada yangu, hao wa barazani wamesema kweli nusu. Ziko hatua ambazo sauti yako haifiki sana, na hizo zote huja kabla karatasi ya kura haijachapishwa. Lakini iko hatua nyingine ambapo uamuzi wa watu wa kituo chako hauwezi kubadilishwa na yeyote aliyeko Nairobi isipokuwa mahakama, hata mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, mwenyewe. Tatizo ni kwamba wengi wetu hutokea siku moja tu, tukapiga kura, tukarudi nyumbani. Yaliyotangulia na yanayofuata tunawaachia wengine, kisha tunashangaa.

Nianze na hesabu, kwa sababu swali la uzito hujibiwa kwa mizani.

Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, William Ruto alitangazwa kuwa na kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930, George Wajackoyah 61,969 na David Mwaure 31,987. Jumla ya kura halali ni 14,213,027. Katiba, kifungu cha 138, inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, na nusu ya idadi hiyo ni kama 7,106,513. Kwa hiyo Ruto aliipita nusu kwa kura zisizofika 70,000. Sasa zigawanye hizo kwa vituo 46,229 vilivyopiga kura mwaka huo. Utapata kura moja na nusu kwa kila kituo.

Tulia hapo kidogo. Lau watu wawili tu waliompigia Ruto katika kila kituo wangempigia Raila, Ruto angebaki na kura 7,083,683 na Raila angefika 7,035,388. Hakuna ambaye angevuka nusu, na Kenya ingeingia duru ya pili kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kituo kimoja kisheria hakizidi wapiga kura 700. Wawili kati yao ni wewe na jirani yako.

Mwaka 2013 nafasi ilikuwa finyu zaidi. Uhuru Kenyatta alipata kura 6,173,433, na ukihesabu kila karatasi iliyotoka sandukuni, pamoja na zilizokataliwa, alikuwa ameipita nusu kwa kura kama 8,400 tu. Mahakama ya Juu iliamua mwaka huo kwamba kura zilizokataliwa zisiingizwe katika hesabu ya asilimia, na hapo akapanda kutoka asilimia 50.07 hadi 50.51.

Iko namba moja ambayo huniuma kila nikiitazama. Waliosajiliwa 2022 walikuwa 22,120,458. Waliopiga kura, halali na zilizokataliwa pamoja, walikuwa 14,326,641. Maana yake watu zaidi ya 7,790,000 wenye haki kamili hawakufika kituoni, nao ni wengi kuliko waliompigia mshindi. Na kura zilizokataliwa, za watu walioamka alfajiri wakapanga foleni, zilikuwa 113,614, nyingi kuliko ziada iliyomvusha mshindi juu ya nusu. Kwa hiyo anayesema kura ya mtu wa kawaida haina kazi, mwonyeshe hesabu hizi kwanza.

Sasa tuje Lamu. Katiba ina sharti la pili: mshindi lazima apate angalau robo ya kura zilizopigwa katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu, yaani kaunti 24 kati ya 47. Lamu ndiyo kaunti yenye wapiga kura wachache kuliko zote. Mwaka 2022 ilikuwa na 81,453, na Nairobi 2,415,310. Kwa sharti la kwanza, kura yako na ya mtu wa Kibra ni sawa kabisa. Kwa sharti la pili mambo ni mengine. Wote wakijitokeza, robo ya Lamu ni kama kura 20,400, na robo ya Nairobi inapita 600,000, lakini kila kaunti inahesabika kuwa moja tu. Hapo mpiga kura wa Lamu ana uzito wa karibu mara thelathini ya mwenzake wa Nairobi.

Lakini nisikupe chumvi. Tangu Katiba ya 2010 sharti hilo halijamzuia mgombea yeyote aliyepita nusu. Ruto alilitimiza katika kaunti 39, na Raila, aliyeshindwa, katika 34. Kazi yake halisi huonekana wakati wa kampeni: mgombea hawezi kujifungia katika ngome yake akaacha Pwani na Kaskazini. Zamani iliwezekana kushinda kwa kura chache. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alishinda kwa kiasi cha asilimia 36, kwa sababu sheria ya wakati ule ilitaka kura nyingi kuliko mpinzani mmoja mmoja na robo katika mikoa mitano kati ya minane. Wapinzani waligawana kura, naye akapita katikati. Sharti la nusu liliongeza thamani ya kura ya mtu aliyekuwa akihesabiwa kuwa wa upande mdogo.

Si kila jirani yetu yuko hivyo. Tanzania Bara na Visiwani, rais wa Muungano hushinda kwa kura nyingi kuliko wengine bila kulazimika kufika nusu, na kifungu cha 41(7) cha Katiba yao kinazuia mahakama kuchunguza ushindi uliokwisha kutangazwa. Mahakama ya Afrika yenye makao Arusha iliamua Julai 2020 kwamba kizuizi hicho kinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Nguvu yako ni haba wapi, basi? Ni kabla ya majina kuchapishwa. Mwaka 2022 ulipewa karatasi yenye majina manne ya urais, na hukuulizwa ni nani awemo. Mgombea wa chama kikubwa huidhinishwa na wajumbe. Wa UDA, chama cha Ruto, kwa mfano, walikutana Kasarani Machi 2022 wakamwidhinisha Ruto. Makubaliano ya miungano, nani awe mgombea mwenza, nani aahidiwe wizara gani, hufanyika vyumbani. Hapo wa barazani wana haki, na sheria ya 2013 ya kudhibiti fedha za kampeni haikutumika 2017 wala 2022, kwa hiyo mwenye mfuko mkubwa anaanza safari akiwa mbele.

Hata hivyo mlango haujafungwa wote. Kwanza, wajumbe hutokana na uchaguzi wa mashinani wa chama, wadi kwa wadi, na mwanachama aliyesajiliwa ana kura pale. Pili, ujue umeandikwa chama gani. Katikati ya 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba majina yao yamo katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Ukiingia katika akaunti yako ya eCitizen, upande wa Msajili wa Vyama vya Siasa, utaona uanachama wako na unaweza kujiondoa. Si jambo la kupuuza: anayetaka kugombea kama mgombea huru lazima awe hajawa mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na katika mchujo, jina lisilokuwa kwenye orodha ya chama hurudishwa mlangoni. Tatu, kila mgombea urais anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila moja ya kaunti 24, yaani sahihi 48,000 kwa uchache. Kwa kaunti ndogo kama yenu, watu 2,000 si kidogo. Usitie sahihi na kutoa nambari ya kitambulisho kwa sababu tu kijana amekuja na karatasi. Muulize ni ya nani, na uisome kichwa chake.

Kuhusu siku yenyewe, makosa yanayopoteza kura ni machache na yanajirudia.

La kwanza ni kituo. Watu hujiandikisha mahali walipokuwa wakifanya kazi, wakahama, na siku ya kura hawana nauli ya kurudi. Uhamisho wa kituo hufanywa katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge, lazima uombwe angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, na uwe umeishi eneo hilo kwa miezi sita. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne ya pili ya Agosti, tarehe 10 Agosti 2027. Hesabu kutoka hapo kurudi nyuma, utaona kwamba Mei inaanza kuwa karibu sana na mwisho. Sajili inapofunguliwa kukaguliwa, kagua jina lako. Mwaka 2022 iliwezekana kukagua kwa kutuma ujumbe wa simu kwenda 70000. Ukikuta jina limekosewa au limehamishiwa pengine, wakati wa kulalamika ni huo, siku ya kura hakuna wa kukusaidia.

Siku ya kura nenda na kitambulisho au pasipoti ileile uliyojiandikishia. Nakala ya picha haikubaliki. Kituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliye kwenye foleni saa hiyo lazima apige kura, kwa hiyo usiondoke kwa sababu tu karani amesema muda umekwisha. Utatambuliwa kwa alama ya kidole kwenye KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha IEBC. Wavuvi, wakulima wa korosho, mafundi wa jahazi na wazee mara nyingi vidole vyao vimelika na kifaa hakivisomi. Hiyo si sababu ya kurudishwa nyumbani. Karani anapaswa kukutafuta kwa nambari ya kitambulisho, na ukipatikana, fomu hujazwa mbele ya mawakala, yaani wawakilishi wa wagombea, unapewa karatasi zako.

Karatasi ni sita, kila kiti na rangi yake, na sanduku la kila kiti lina mfuniko wa rangi hiyohiyo. Hapo ndipo haraka inapoharibu mambo. Kura ya rais hukataliwa ikiwa ina alama kwa wagombea wawili, ikiwa haina alama kabisa, au ikiwa umeandika jina lako au kitu cha kukutambulisha. Ukikosea alama usifute wala kukwaruza. Irudishe kwa afisa msimamizi wa kituo kabla haijaingia sandukuni, atakupa nyingine. Tena, jambo wasilolijua wengi: ukiweka vema badala ya mkasi, au alama ikatoka kidogo nje ya kisanduku, kura haikataliwi kwa hilo peke yake maadamu nia yako inaonekana wazi. Hata wakala wako alijue hili, ili asikae kimya kura nzuri zikitupwa.

Asiyeona au asiyejua kusoma ana haki ya kuja na mtu anayemwamini, mtu mzima, naye haruhusiwi kusaidia zaidi ya mpiga kura mmoja. Asipokuwa na mtu, husaidiwa na afisa msimamizi mbele ya mawakala, na siri ya kura hapo hupungua. Kwa hiyo bibi yako mpelekee mjukuu, usimwache aende peke yake.

Kuhusu hongo nasema kifupi: mtoaji na mpokeaji wote ni wahalifu mbele ya sheria, na anayenunua kitambulisho chako kwa noti siku moja kabla ya kura hakuhitaji kura yako, anataka usipige. Kitambulisho hakiuzwi.

Sasa nifike nilikotaka kufika tangu mwanzo, kwenye meza ya kuhesabia. Kituo kinapofungwa sanduku halisafirishwi. Hufunguliwa palepale, na kura za rais huhesabiwa kwanza. Afisa msimamizi huinua karatasi moja moja, hutaja jina la aliyepigiwa kwa sauti, huwageuzia mawakala waione, kisha huiweka kwenye rundo lake. Wakala asiporidhika anaweza kudai hesabu irudiwe, lakini si zaidi ya mara mbili. Matokeo huandikwa kwenye Fomu 34A: jina na nambari ya kituo, idadi ya waliosajiliwa, kura zilizokataliwa, kura halali, na za kila mgombea. Mawakala hutia sahihi na kupewa nakala, nakala moja hubandikwa mlangoni, na picha ya fomu hutumwa kwa KIEMS. Wakala akikataa kutia sahihi, matokeo hayabatiliki kwa hilo, hivyo heri aandike sababu zake kuliko kuondoka kwa hasira.

Kwa nini karatasi hiyo moja iwe na maana hivyo? Mwaka 2007 matokeo yalivurugika vibaya njiani na kwenye ujumlishaji, na watu zaidi ya 1,000 wakafa katika ghasia zilizofuata. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Maina Kiai, ilikata neno: matokeo yaliyotangazwa mashinani ni ya mwisho, na Bomas, ukumbi wa Nairobi wa kujumlishia kura za nchi nzima, hapana anayeweza kuyageuza, kazi yao ni kujumlisha. Miezi mitatu haijatimia, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini ya David Maraga ilifuta uchaguzi wa urais kwa majaji wanne dhidi ya wawili. Sababu kubwa zilikuwa njia ya kutuma na kuthibitisha matokeo: mshindi alitangazwa kabla ya Fomu 34A zote kupatikana, na baadhi ya fomu za kujumlishia zilikuwa na kasoro za usalama. Mwaka 2022 IEBC iliweka picha za 34A kwenye tovuti ya umma, kila Mkenya akaweza kujumlisha nyumbani, na Mahakama ya Juu ilipokagua haikuona tofauti ya maana kati ya picha na fomu asili. Ikathibitisha ushindi tarehe 5 Septemba.

Kwa hiyo jioni ya kura, fanya hivi. Piga kura asubuhi, nenda zako, rudi kituoni usiku au alfajiri fomu ikishabandikwa. Ipige picha yote, pembe nne zionekane pamoja na muhuri. Jumlisha kura za wagombea wote, zilingane na kura halali. Ongeza zilizokataliwa, jumla isizidi idadi ya waliosajiliwa kituoni. Soma tarakimu kwa makini, kwani 98 iliyoandikwa 89 ni kosa la kawaida la mtu aliyekesha. Kisha tafuta kituo chako kwenye tovuti ya IEBC ulinganishe. Ikitofautiana, picha yako ni ushahidi: mpe wakala au chama, au mtu anayekwenda mahakamani. Katiba inamruhusu mtu yeyote kufungua kesi ya urais ndani ya siku 7 baada ya kutangazwa, na mahakama hutoa uamuzi ndani ya siku 14. Dhamana ni shilingi milioni moja, hivyo si mlango wa kila mtu, lakini ushahidi wa vituo hutoka kwa watu kama wewe. Kama una nafasi zaidi ya hapo, omba kuwa wakala. Mgombea mwenye mawakala katika nusu ya vituo tu ameacha nusu ya kura zake bila mlinzi, na vyama vidogo huhangaika kila uchaguzi kupata watu wa kuaminika kwa vituo zaidi ya 46,000.

Limebaki moja ambalo watu hulisahau. Alama yako moja kwenye karatasi ya rais huwachagua wawili, rais na naibu, lakini kuwaondoa si kazi ya mpiga kura tena. Oktoba 2024 Bunge la Taifa lilipiga kura 282 kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, Seneti ikathibitisha tarehe 17, na Kithure Kindiki akachukua nafasi kwa kupendekezwa na rais na kuidhinishwa na Bunge. Hakuna mpiga kura aliyerudi kituoni. Inahitajika theluthi mbili ya wabunge, yaani 233 kati ya 349, na maseneta 45 kati ya 67. Lamu ina wabunge watatu wa kuchaguliwa, wa Mashariki, wa Magharibi na mwakilishi wa wanawake, pamoja na seneta mmoja. Hao wanne, ambao kura zao huhesabiwa usiku tukiwa tumechoka na macho yetu yakiwa kwa rais peke yake, ndio watakaoamua kwa niaba yako ikiwa nchi itapata kiongozi mwingine kabla ya miaka mitano kwisha. Karatasi zao zipe muda uleule unaoipa ya rais.